Mwenyeji wa Chumba cha Maoni

Ijumaa hiyo, maoni ya mwisho yalipokwisha kuchezwa, spika iliguna.

Ulikuwa mguno mfupi, kama wa mtu aliyeambiwa jambo asiloliamini. Wafanyakazi walitazamana, kisha wakamgeukia Mhandisi, kwa kuwa mtambo ule aliuunda yeye.

"Kaka, mashine yako ina mafua," alisema Mchoraji, kijana aliyebuni sura ya programu yao. Ukumbi ukacheka.

Mhandisi hakucheka. Alijua kila kilichomo ndani ya mtambo. Hakukuwa na kitu cha kuguna.

Kampuni yao ilikuwa changa. Ilitengeneza programu ya simu ya kusafirishia vifurushi, katika ghorofa ya juu ya jengo kuukuu, na kazi iliisha pale tu Chifu, mwanzilishi wake, aliposema imeisha. Kila Ijumaa mfanyakazi mmoja mmoja aliingia katika kistoo kisicho na dirisha, akafunga mlango na kusema anavyoiona kazi. Mtambo uligeuza sauti isitambulike, kisha maoni yote yakachezwa ukumbini. Ilisemwa kwamba hakuna awezaye kujua nani kasema nini. Lakini watu wanaoshinda pamoja hutambuana hata kwa namna ya kuvuta pumzi, kwa hiyo wote walisifu. Tunajifunza sana. Hapa ni familia.

Wote, isipokuwa mke wa Mhandisi. Alikuwa akipokea simu za wateja, na ofisi nzima ilimwita Shemeji.

"Nimechoka," alisema kila Ijumaa bila kupepesa. "Natukanwa kwa makosa ya programu, na mume wangu namwona hapa kuliko nyumbani."

"Utatufukuzisha," Mhandisi alimnong'oneza siku hiyo wakishuka ngazi.

"Tufukuzwe basi. Si tulikubaliana mwezi huu ukiisha tunaacha, tunafungua duka letu la kutengeneza simu? Au umesahau, bwana wewe?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa hajaamua.

Ijumaa iliyofuata Mchoraji aliingia kistooni akipiga mluzi. Mhandisi alikuwa mezani pake, hedifoni masikioni, akipima sauti. "Hapa ni familia yangu ya pili," alisema Mchoraji. Kisha Mhandisi akasikia pumzi nyingine, nzito, karibu zaidi na maiki kuliko pumzi ya kijana, na baada yake mlio wa kitu kigumu kinachovunjwa polepole.

Walivunja mlango. Harufu ya nywele zilizoungua iliwapiga usoni. Mchoraji alikuwa ameketi wima, mikono magotini kama mgeni mwenye adabu, taya lake likining'inia kwa ngozi tu, na meno yametapakaa sakafuni. Alifika hospitali akiwa hai, lakini hakusema tena.

"Ajali," alisema Chifu, uso umemparama. "Ameanguka na kiti. Jamani, uzinduzi wa toleo jipya ni mwezi huu huu."

Ndiyo maana walirudi kistooni. Safari hii zamu ilimfikia Mhasibu, mama mtu mzima, mpole, ambaye hakuwahi kuinulia mtu sauti. Alisema kwamba Chifu ni kiongozi mwenye huruma, na kabla hajamaliza neno, ukuta ukatoa kishindo, na kingine, na kingine tena, kwa mwendo wa mtu anayetwanga, huku yeye akiita jina la mwanawe, mpaka damu ikatambaa chini ya mlango na kufika kwenye viatu vya waliokuwa wakivuta kitasa.

Jioni ya siku aliyozikwa Mhasibu, wafanyakazi wenzake walimzunguka Shemeji ukumbini.

"Ni huyu," alisema mlinzi wa ofisi kwa sauti ya chini. "Kila wiki anaingia anatulalamikia, anatoka mzima. Ana nini na hicho kilichomo mle?"

"Nina mdomo," Shemeji alimjibu. "Hebu fikirini. Mimi nasema nimechoka, kinaniacha. Nyinyi mnasifu, kinawavunja. Nani kati yenu amewahi kusema kweli mle?"



Aliyeitwa ni tabibu wa majini, mwanamke mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Alisimama mbele ya kistoo, akanusa, akarudi nyuma.

"Huyu ni mwenyeji, ameishi humu kabla yenu," alisema. "Hakukasirika kwamba mmeingia. Amekasirika kwamba mnamdanganya sikioni mwake. Kesho mchana mlango uwe wazi, mshikane mikono, kila mmoja aseme kweli moja juu ya kazi hii, kwa sauti yake mwenyewe, na ataondoka. Lakini atakayedanganya hatapigwa yeye. Atachukuliwa aliyemshika."

Asubuhi Chifu alimvuta Mhandisi pembeni. "Kaka, haya yakipita, idara nzima ya ufundi ni yako. Nakutegemea."

Mchana walishikana. Chifu ndiye aliyeanza, machozi yakimlenga. "Nawaogopa. Mkipumzika, watu wataona kwamba mimi sina kitu." Kistoo kikatulia. Mlinzi akasema kweli yake, wengine wakafuata. Harufu ya nywele ikapungua.

"Nimechoka, na leo naondoka," alisema Shemeji. Akamtazama mumewe, akamminya kiganja. Alibaki mumewe tu, mwisho wa mstari.

Mhandisi alifungua kinywa kusema kwamba naye anaondoka. Akaiona idara, akayaona macho ya Chifu, na ulimi uliokwisha kuzoea Ijumaa zote zile ukatangulia.

"Kazi naipenda," alisema. "Tunajifunza sana."

Mkono wa mkewe ulichomoka mkononi mwake kwa nguvu iliyomtegua bega, akamwona akiinuliwa kwa nywele na kuingizwa kistooni mgongo mbele, kucha zake zikiacha michirizi kwenye fremu, mlango ukajifunga, naye akaurukia akiupiga kwa bega lililoteguka, akipiga kelele kwamba amedanganya, kwamba anaichukia, kwamba wanaondoka, wanaondoka leo, huku upande wa pili mifupa ikivunjwa mmoja mmoja bila haraka, mpaka ikanyamaza.

Tabibu alifunga mkoba wake.

"Ameondoka?" Chifu aliuliza.

"Hapana. Mmempa wa kukaa naye."

Kistoo kilipigwa misumari, maiki ikiwa bado ndani. Uzinduzi ulifanyika. Mhandisi alipewa idara, akaipokea, na watu waliomshangaa kubaki hawakujua anachokifuata.

Kila Ijumaa hukaa mezani pake, huvaa hedifoni na kuuwasha mtambo. Hana haja ya kugeuza sauti inayokuja. Aliijua kabla ya kuijua kazi hii.

"Tunajifunza sana," husema mkewe, yeye ambaye hakuwahi kusifu hata mara moja. "Hapa ni familia."

Kisha, karibu kabisa na maiki, kitu huguna.