Mstari wa Kuunda Objekti

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa seva. Mchana aliingia chumba cha mitambo kisicho na dirisha, aelekeze maombi ya wateja kwa objekti mpya, kipande cha programu kilichoandikwa kwa lugha ya Perl. Kwenye faili la mipangilio akaitaja objekti na mbinu yake, ila akasahau mstari wa kuiunda seva inapowaka. Seva ikagoma.

“Kaka angenisema,” akanong'ona. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kazi, na walikuwa wamemzika Jumatatu.

Kibodi ilikuwa inakwama, akaichomoa, akaibana kwapani atafute kitambaa cha kuipangusa. Papo hapo umeme ukakatika. Feni zikanyamaza. Gizani vitufe vikaanza kugongwa, taratibu, ta, ta, ta.

Umeme uliporudi, mstari uliokosekana ulikuwa kwenye skrini, na chini yake: “Mdogo wangu, kila siku unausahau huu.”

Kibodi ilikuwa bado kwapani mwake, waya unaning'inia.