Jivu la Mji Tuliouhama

Jua lilikuwa linazama nilipochukua ndoo na koleo kwenda mji wa zamani kuchota jivu.

Nauita mji, lakini nyumba zilikuwa zimeshaondoka. Kampuni ya mgodi ilitaka chuma kilichokuwa chini yetu, ikazing'oa nyumba nzima nzima na kuziburuta juu ya magogo hadi upande wa pili wa kilima. Yetu ilihama jiko likiwaka na kahawa ikichemka. Tulicheka njia nzima. Kwetu Wafini wa Minnesota, Marekani, anayehama hubeba jivu la jiko lake la zamani na kumkaribisha mlinzi wa nyumba, roho anayekaa motoni. Lakini jiko si lilikuwa ndani? Tukajiona wajanja, hatukumwita mtu.

Tangu siku hiyo, kila machweo, binti yangu Lempi alitoka na kuelekea kwenye shimo la mgodi. Mara ya mwisho nilimdaka ukingoni, mguu mmoja ukiwa hewani.

"Mmehamisha mbao tu," mama mkwe wangu, Hilja, alininong'oneza. "Mji mmeuacha kule. Nenda kwenye sauna, chota jivu, mwite mlinzi. Mlinzi peke yake, mwanangu. Wengine usiwajibu."

"Wengine akina nani, mama?"

Akamshika Lempi kwa mikono yote miwili.

Sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, tuliiacha kwa kuwa ilishaoza. Ilisimama peke yake kwenye mtaa wa ngazi zisizo na nyumba. Nikaingia, nikapiga magoti, nikatia mkono ndani ya jiko lake.

Jivu lilikuwa la moto.

Nje, mtaani, mlango ukafungwa. Halafu mwingine... na mwingine. Zaidi ya sauna, mtaa mzima haukuwa na mlango hata mmoja. Ikaja harufu ya kahawa.

"Mlinzi wa nyumba," nikasema, "twende nyumbani."

Mtu akakohoa nyuma yangu.

Kikohozi kile nilikisikia ubavuni mwangu usiku wa miaka mingi. Urho, mume wangu. Mgodi ulimfukia yeye na wenzake, na hakuna aliyetolewa.

"Saimi," akanong'ona. "Nimetoka zamu. Nyumba iko wapi?"

Niliambiwa nisijibu. Lakini nilikuwa nimemkumbuka mno, jamani.

"Nifuate."

Nikachota jivu, nikatoka bila kugeuka. Buti zake zikanifuata... na nyuma yake, buti nyingine, nyingi.

Sasa Lempi hatoki tena. Machweo hukaa mezani, akinong'ona na kiti kitupu. Asubuhi nasugua tope jekundu la mgodi sakafuni. Majirani nao wanasugua kwao, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Hilja hanisemeshi.

Jana Lempi alinivuta aproni.

"Mama, baba anauliza tutahama tena lini."

"Hatuhami. Mwambie tumeshafika."

Akakigeukia kiti, akasikiliza.

"Anasema wenzake nao wameshafika. Wako chini ya kitanda changu, bado wanachimba."