Kifua cha Ruchaka

"Usinisaidie," Lavangi alisema. "Kamba najua kuifunga mwenyewe."

Jayanika akaliachia tenga la nguo, akarudi ukutani. Bega lake la kulia halikunyooka tangu vita viishe, kwa hiyo hata kusimama alisimama upande, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Mama yako anakuja saa ngapi?"

"Jua likifika juu ya mtini. Hatashuka garini. Ameapa hatakanyaga ua wako."

"Najua."

"Kila kitu unajua! Isipokuwa kunijibu mimi tu ndiyo hujui."

Mwaka mmoja na miezi minne tangu vita Jayanika alikuwa hasemi, na Lavangi alikuwa amechoka na ukimya huo kuliko alivyochoka na msiba wenyewe.

Lavangi mwenyewe ndiye aliyemchagua. Siku ile ya kuchagua mume, wana wa wakubwa kumi na moja walipanga mstari wakinukia sandali na kiburi, naye akawapita wote akamvisha shada huyu mpiganaji asiye na ng'ombe wengi. Mdogo wake Lavangi, Ruchaka, alipiga makofi mpaka akakemewa. Ruchaka huyo huyo, Jayanika alimfundisha upinde kwa mikono yake, pale nyuma ya zizi, miaka mitano mizima.

Halafu ndugu wa kifalme wakagombea kiti, nchi nzima ikagawanyika. Jayanika akaitwa na mfalme wake, Ruchaka akaitwa na wa kwao. Siku kumi na nane. Siku ya kumi na tatu Jayanika akapuliza baragumu katikati ya uwanja na kutangaza kwa sauti ambayo majeshi yote mawili yaliisikia: "Mimi Jayanika nimemuua Ruchaka, ana kwa ana, na hakurudi nyuma hata hatua moja!"

Waimbaji wa mfalme waliyafanya maneno hayo wimbo siku hiyo hiyo. Sasa hata wachunga mbuzi waliuimba.

"Nikuulize kwa mara ya mwisho," Lavangi alisema, akikaa juu ya tenga. "Alisema nini kabla hajafa?"

"Lavangi..."

"Ulimfundisha kuvuta upinde, halafu ukamtoboa kwa mshale. Sikuombi uombe radhi. Naomba neno lake moja tu niondoke nalo."

"Sina la kukupa."

"Haya. Basi kaa na wimbo wako."

Mama yake, Hemangi, alikuwa ameandika juzi kwenye gome la mti, maneno machache kama kawaida yake: *Nakuja mwenyewe. Usile tena chakula cha mikono iliyomuua mwanangu. Nimekuvumilia mwaka, sasa chagua.* Lavangi alikuwa amechagua. Hakuwa na furaha, hakuwa na hasira pia. Alitaka tu kulala mahali ambapo hakuna mtu anayegeuka geuka pembeni yake mpaka kunakucha.

Alikwenda zizini kumuaga Pingala, mwendesha gari la vita la mumewe. Mzee alikuwa anampaka mafuta farasi mmoja aliyebaki kati ya wanne.

"Baba Pingala, naenda zangu. Nimekuja kukuaga."

"Naona." Mzee hakugeuka. "Unamwacha."

"Ungekuwa wewe ungekaa?"

"Bibi, usiniulize mambo ya kukaa. Mimi nakaa na farasi."

"Basi kwaheri."

Alikuwa ameshafika mlangoni mzee alipotupa kile kitambaa cha mafuta chini.

"Rudi! Rudi hapa. Bwana alinishikisha vichwa vya farasi nikaapa. Watatu wamekufa, huyu mmoja atanisamehe. Kiapo hiki kimenila, bibi, siwezi tena."

"Kiapo gani?"

"Bwana hakumuua mdogo wako."

Lavangi alishika nguzo.

"Ruchaka alitupa upinde akakimbia," Pingala alisema. "Mshale ukamkuta mgongoni. Mgongoni, bibi. Mimi nilishika hatamu, vumbi tupu, nikamwona bwana anaruka chini. Akamgeuza chali. Akauchomoa ule mshale wa mgongoni, akauvunja. Akachukua wake, akafumba macho, nikamwona kabisa anayafumba, akamchoma nao kifuani. Maiti, bibi. Alimchoma maiti. Ndipo akapuliza baragumu."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye binti wa Hemangi."

Lavangi alimkuta mumewe palepale alipomwacha, ukutani, kama chombo kilichosahauliwa na wahamaji.

"Pingala ameniambia."

Jayanika alifumba macho. "Mzee yule..."

"Mwaka mmoja na miezi minne nimekupikia bila kukutazama usoni. Nimekuombea ufe. Unajua niliomba ufe?"

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza!"

"Ningesema nini? Mpiganaji aliyepigwa mgongoni hana jiwe la mashujaa, haimbwi, hatajwi. Jina lake lingefutwa kwenye nyumba yenu. Nilikuwa na mshale mmoja na kumetanda vumbi. Nikafanya lililonijia."

"Mimi ungeniambia. Mimi mkeo."

"Ungemwonea haya."

Lavangi alimpiga. Alimpiga kifuani kwa ngumi mbili, wala si kwa nguvu, nguvu zilikuwa zimekwisha zamani.

"Nani alikwambia ningemwonea haya? Alikuwa na miaka kumi na tisa! Angekimbia akafika hapa bila upinde, bila viatu, ningemfungulia mlango, nikampa maziwa, nikamficha kwenye majani ya ng'ombe mpaka vita viishe!"

"Najua ungemfungulia," Jayanika alisema taratibu. "Mama yako asingemfungulia."

Siku Ruchaka anaondoka, mama yao alimpaka alama nyekundu kwenye paji la uso na kumwambia mbele ya watu wote: rudi umeshinda, au usirudi. Watu walishangilia. Ruchaka naye alicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya nguo.

Nje, kengele za ng'ombe zikalia. Gari limefika.

Hemangi alikaa wima chini ya turubai, amevaa nyeupe tupu, bila kipuli wala bangili. Alikuwa amekonda.

"Tenga lako liko wapi?"

"Siendi, mama."

"Umesemaje?"

"Siendi. Nabaki na mume wangu."

"Amekuroga?"

"Hapana."

"Basi nini? Mdogo wako alisimama peke yake, kifua mbele, wakati wanaume wenye ndevu wanajificha nyuma ya magurudumu. Nchi nzima inalijua hilo. Ndilo linaloniamsha asubuhi, Lavangi. Nikiliondoa hilo sina kitu. Na wewe unataka kulala na aliyekitoboa kile kifua?"

Maneno yalifika hadi kwenye meno ya Lavangi. Neno moja tu, mgongo, lingetosha. Mama angeshuka garini, wangelia pamoja, au mama angekufa palepale. Alimtazama yule mwanamke aliyekonda, akaliona akilini jiwe la Ruchaka kule kwao, na mama akilipaka samli kila alfajiri.

"Nimechoka, mama," alisema. "Nisamehe."

"Umechagua muuaji."

"Nimechagua mume wangu."

Hemangi alichukua kibuyu cha maji pembeni yake. Akamimina yote mchangani, polepole, kama anavyomwagiwa marehemu.

"Nilizaa watoto wawili," alisema. "Wote nimewamwagia. Twende."

Gari likageuka. Lavangi alibaki barabarani mpaka kengele hazikusikika tena, kisha akarudi ndani, akakaa chini kwenye mkeka. Jayanika alikuja akakaa pia, kwa shida, akiutanguliza upande mzima.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Ungemwambia tu. Ningekuelewa."

"Mwache na mwanawe." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini mimi usinifiche tena, hata jambo dogo. Niambie jinsi alivyokimbia."

"Ya nini, Lavangi?"

"Niambie. Aliogopa sana?"

Jayanika alikaa kimya, na Lavangi akadhani ndiyo yale yale yamerudi. Kisha akamsikia anavuta pumzi.

"Mshale ulitoka upande wao wenyewe," alisema. "Mkubwa wao mmoja alikuwa anawapiga wanaokimbia."

"Alikuwa anakimbilia wapi?"

"Kwetu. Aliiona bendera yangu. Alitupa upinde, akainua mikono yote miwili, akaja mbio moja kwa moja kwenye gari langu. Uliniuliza alisema nini. Alikuwa anaita, 'Shemeji! Shemeji!' Nilikuwa nimeshamnyooshea mkono apande. Zilibaki hatua nne."

Lavangi akamvuta, akakilaza kile kichwa kwenye mapaja yake. Jayanika akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu vita viishe, na yeye akamwacha alie.