Vidole Vitatu vya Mtaa wa Tradd

Kibendera kilitua juu ya buti la Odessa Pinckney saa nne kasorobo asubuhi, katikati ya Mtaa wa Soko wa Charleston, mbele ya wageni kumi na sita waliokuwa wameshika simu zao tayari kwa picha.

Hakikulengwa kwake. Kililengwa kwenye dimbwi alilolimwaga Benne, nyumbu jike wa kukokota gari, mwenye rangi ya ufuta na asiye na haya. Kanuni ya mji ni moja: mnyama akikojoa barabarani, dereva hutupa kibendera chenye kitako kizito, kisha gari la maji huja kuosha mahali hapo. Lemuel Mazyck alikuwa ametupa vibendera kwa miaka sita bila kukosa. Asubuhi ile alikosa kwa sababu macho yake yalikuwa kwa mwanamke.

"Samahani, dada! Nimekuumiza?"

"Mguu u mzima. Kilichovunjika ni heshima." Odessa aliinama, akakiokota kibendera kwa vidole viwili. "Kwa hiyo mimi ndiye uchafu unaongoja kuoshwa?"

Wageni waliangua kicheko. Lemuel alivua kofia yake ya majani. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na kizibao cha buluu. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu, suruali imekauka chokaa hadi magotini, kitambaa cha manjano kichwani, mwiko wa mwashi ukining'inia kiunoni. Nyuma yake akina mama wasusi walikuwa wakipanga vikapu vyao, na harufu ya nyasi mbichi ilijaa hewani.

"Wewe ni fundi?"

"La, mimi ni mwokaji mikate. Huoni unga?"

"Unajenga wapi, bibie mwokaji?"

"Mtaa wa Tradd, nyumba yenye baraza mbili. Lakini usijisumbue. Utapita kwangu mpira wa kijani ukitoka, na usoni pako sioni dalili ya bahati."

Alikitupa kibendera. Kilisimama wima katikati ya dimbwi. Kisha akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Alijua alilolisema. Hakuna dereva wa Charleston anayejichagulia njia. Kila gari husimama kwenye kibanda kilicho kando ya soko, karani hubonyeza kitufe cha chombo cha bahati nasibu, na mpira mmoja wenye rangi huchomoza. Mwekundu humpeleka dereva kaskazini, wa manjano mashariki, wa kijani kusini kwenye nyumba kongwe za karibu na bandari. Tangu siku ile Lemuel aliutazama mdomo wa chombo kile kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

"Mwekundu tena," alisema Bi Tolliver, karani wa kibanda.

"Bi Tolliver, nimekukosea nini?"

"Mimi nabonyeza tu, mwanangu. Hayo mengine zungumza na Mungu."

Siku ya nne ulitoka wa kijani. Benne aliingia Mtaa wa Tradd kwa mwendo wake wa raha, kwato zikigonga mawe, na Lemuel akamwona Odessa juu ya jukwaa la mafundi, amepakana na anga, akikwangua chokaa kuukuu kati ya matofali.

"Fundi!" aliita. "Nimeleta uso wangu usio na bahati!"

"Upeleke mbele, unazuia njia!" Lakini alikuwa anacheka, na alipopunga mkono mwiko ulimeta juani.

Simu zilianza jioni ile, maana namba ya Lemuel ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa gari.

"Leo umewaambia wageni kwamba ukuta wangu una miaka mia tatu," alisema Odessa. "Una mia mbili na arobaini. Umeuzeesha ukuta wa watu."

"Nilitaka waushangae."

"Hata bila uongo watashangaa, kipenzi. Waache watazame."

"Umesema nini hapo katikati?"

"Nimesema waache watazame."

"Kabla ya hapo."

"Usiku mwema, Mazyck."

Jumapili moja baada ya ibada Lemuel alikaribishwa kwa akina Pinckney. Alikula wali mwekundu na kamba, akasifu bamia mara tatu, kisha akapelekwa barazani, chini ya dari ya buluu iliyopakwa kuwafukuza mashetani. Palikuwa na ubao wa kunesa: ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya vigingi viwili, ambao kila ukinesa juu yake unakusukuma kidogo kuelekea katikati. Mama Pinckney alimkalisha Lemuel ncha moja na binti yake ncha nyingine, akarudi jikoni, akaacha dirisha wazi.

"Mama, tuna miaka thelathini na kitu sisi!"

"Ndiyo maana nimewaharakishia ubao," ilijibu sauti ya jikoni.

Walinesa. Lemuel alikuwa na hadithi kumi na mbili mdomoni, moja kwa kila kanisa la mji. Alizisimulia zote. Kila hadithi iliwasogeza, na ya mwisho ilipokwisha magoti yao yaligusana.

"Je, huwa unanyamaza?" Odessa aliuliza.

"Nilipofundishwa kazi, jambo la kwanza niliambiwa ni hili: gari likikaa kimya, limekufa."

"Sasa hatuko garini."

Alinyamaza. Kengele za kanisa la Mtakatifu Mikaeli zilipiga saa kumi, na jikoni mtu aliangusha sufuria makusudi.

Ni kwa sababu ya kimya kile Odessa alimwamini. Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, alimwongoza hadi bustani iliyokuwa nyuma ya jukwaa, akasogeza matawi ya yasmini, akaonyesha tofali moja lililokuwa chini karibu na ardhi. Lemuel alichutama. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha mwanga ulihama, naye akaviona: vidole vitatu vidogo vilivyodidimia katika udongo uliochomwa, vyepesi na safi, kana kwamba mkono uliondolewa jana.

"Mtoto," alinong'ona.

"Miaka saba, labda minane. Matofali ya mji huu yalitoka kwenye matanuru ya kando ya mto Wando, na waliotumwa kuyageuza juani yangali mabichi walikuwa watoto wa watumwa. Watoto wetu." Odessa hakuligusa. "Siingizi kidole. Kikiingia kila siku, litakwisha. Nimelijua kwa wiki tano, na kila asubuhi nalisalimia kwanza ndipo napanda jukwaa."

Lemuel aliinua macho kutoka kwenye tofali. Kwa miaka sita alikuwa amepita mbele ya kuta hizi akizitaja kwa majina ya wenyewe waliozimiliki. Sasa ukuta mzima ulionekana kumtazama yeye.

"Sikiliza," Odessa aliendelea. "Bi Hartwell, mwenye nyumba, anataka ukuta wote upigwe lipu. Nimemsihi ayaache matofali wazi. Ameahidi kunijibu Ijumaa, na yeye hapendi watu langoni pake. Hili ni letu wawili mpaka Ijumaa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mpenzi."

Jumanne ulitoka mpira wa kijani. Gari lilipofika Tradd, mgeni mmoja mwenye shati la maua aliegemea kiti na kusema kwa sauti, "Mabwana wa zamani walijua kujenga, sivyo? Tazama ukuta ule!"

Wageni kumi na tano walimgeukia Lemuel wakingoja aitikie. Angeweza kucheka na kuliacha gari liendelee. Lakini ulimi wake haukuwa umezoea kukaa.

"Mabwana hawakujenga," alisema. "Nikuambie nani alijenga?" Akawaambia, hadi kwenye vidole vitatu nyuma ya yasmini.

Mwanamke mmoja alilia. Wengine walipiga picha. Kufikia Jumatano picha zilikuwa zimesambaa, na watu ishirini walijazana kwenye lango la Bi Hartwell. Waliovuka ua waling'oa matawi ya yasmini, na kijana mmoja alitia kidole ndani ya alama ili apigwe picha vizuri. Jioni mwenye nyumba alitoa jibu lake kabla ya siku: Ijumaa saa tano, lipu.

Simu ya Lemuel ililia.

"Nilikupa kitu kimoja," alisema Odessa. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kimoja tu, Lemuel."

"Odessa, kulikuwa na bwana mmoja aliyesema—"

"Daima kuna bwana aliyesema, na daima una jibu. Ijumaa nitalifunika tofali lile kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ni kazi yangu, na kwa sababu sitaki lifunikwe na mtu asiyelijua. Usipite. Hata ukipata kijani, usipite."

Alikata. Alhamisi mpira wa kijani ulitoka mara mbili, na mara zote mbili Lemuel alimwachia dereva mwingine, akakosa safari.

Jioni hiyo alikwenda kwa miguu hadi mlango wa Bi Hartwell, kofia mkononi. Bibi huyo wa Kizungu alikuwa na miaka themanini na mmoja, glavu nyeupe, na mgongo ulionyooka kama nguzo.

"Wewe ndiye uliyeniletea umati."

"Ndiye mimi, Bi. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuomba upande gari langu kesho asubuhi. Safari moja tu."

"Kijana, nimeishi mtaa huu miaka hamsini na miwili. Sijapanda kigari cha watalii hata siku moja."

"Basi hujawahi kuuona mji ukiwa umeketi."

Kona ya mdomo wa bibi ilitetemeka kidogo.

Ijumaa saa mbili na nusu Bi Hartwell alipandishwa kiti cha mbele. Lemuel alisimamisha gari kwenye kibanda, moyo wake ukiomba rangi moja. Bi Tolliver alibonyeza.

"Mwekundu," alisema kwa huzuni. "Pole, mwanangu."

Kaskazini. Mbali kabisa na Tradd. Hotuba yote aliyoiandaa usiku kucha haikuwa na mahali pa kusimama. Lemuel alishika hatamu, Benne akageuza masikio, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita gari la Lemuel Mazyck lilikwenda kimya.

Mji ulijisemea wenyewe. Harufu ya chumvi ilipanda kutoka bandarini. Minara ya makanisa ilipokea jua mmoja baada ya mwingine. Kando ya ukuta wa makaburi ya zamani alisimamisha gari, akanyoosha kidole tu. Bi Hartwell alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu. Katika tofali moja palikuwa na alama pana ya gumba la mtu mzima. Hatua mbili mbele, nyingine. Kisha akaanza kuziona bila kuonyeshwa: kwenye nguzo, kwenye kizingiti, kwenye ukuta wa zizi. Mji mzima ulikuwa umeshikwa na mikono.

"Mungu wangu," alisema. "Zimekuwa hapa muda wote?"

"Muda wote, Bi."

"Na ya ukuta wangu?"

"Yako ni ya mtoto. Vidole vitatu. Fundi wako aliiona, akakaa wiki tano bila kuigusa."

Saa tano kasoro dakika kumi simu ya Odessa ililia juu ya ndoo ya lipu iliyokwisha kuchanganywa.

"Binti, weka mwiko chini," alisema Bi Hartwell. "Usipake chochote mpaka nifike. Natembea, kwa hiyo ningoje."

Walifika kwa miguu, bibi ameshika mkono wa dereva. Benne alikuwa ameachwa apumzike. Bi Hartwell alivua glavu, akapiga goti kwenye udongo na sketi yake nzuri, akasogeza yasmini iliyobaki. Mkono wake mkongwe ulisimama karibu na tofali bila kugusa.

"Miaka hamsini na miwili nimekunywa chai nikiegemea ukuta huu," alisema polepole. "Nikilalamika kwamba una baridi."

Odessa alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajipaka chokaa shavuni.

"Hakutakuwa na lipu," alisema bibi alipoinuliwa. "Na nitaweka lango la chuma, watazame kutoka barabarani. Wewe, kijana, mdomo wako nao uwe na lango." Akaingia ndani kutafuta chai, akawaacha.

"Kwa nini uliwaambia?" Odessa aliuliza.

"Bwana mmoja alisifu mabwana wa zamani kwa kujenga ukuta huu. Sikuweza kunyamaza. Lakini ilinipasa kukuuliza kwanza. Lilikuwa letu wawili, nami nililichukua peke yangu."

Odessa alimtazama. Kwa kuwa Lemuel hakuongeza neno, alimwamini.

Lemuel alitoa kitu mfukoni, akakiacha kianguke. Kibendera kilitua juu ya buti la Odessa.

"Mazyck," alisema, "unanichumbia kwa kibendera cha mkojo?"

"Ndicho kilichotukutanisha. Mara hii nimelenga."

Odessa aliuma mdomo asicheke. Alikiokota, akakigeuzageuza. "Jibu utalipata kesho. Ukipata kijani."

"Odessa! Na nisipopata?"

"Zungumza na Mungu."

Jumamosi safari ya kwanza ilikuwa manjano. Ya pili, nyekundu. Ya tatu, nyekundu tena, na Bi Tolliver akajifuta jasho. Safari ya nne alibonyeza kitufe akiwa amefumba macho, na aliposikia kelele za Lemuel alijua bila kuangalia.

Waliingia Mtaa wa Tradd alasiri, jua likiwa limelala juu ya matofali. Lemuel alikuwa anaeleza habari za baraza, na sentensi ikamkatikia katikati. Jukwaa lilikuwa tupu. Lakini juu kabisa ya ukuta, katika chokaa mbichi, kibendera kilikuwa kimepandwa wima, na kitambaa cha manjano cha Odessa kimefungwa kwenye mti wake.

Benne alisimama mwenyewe.

"Kile ni nini?" mgeni mmoja aliuliza. "Kina historia gani?"

Lemuel alivua kofia; jibu lilikuwa ndiyo. Nyuma ya yasmini mtu alikuwa anacheka. Wageni kumi na sita walimngoja, naye hakuwa na neno hata moja, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba gari lile limekufa.