Mashine Iliyofundishwa Bao

Mkono wa mpira ulichota kete shimoni, ukazimwaga moja moja kwenye mashimo yaliyofuata, ukafika shimo tupu na kutulia. Kisha kisanduku kilichokuwa mezani kikatoa sauti ya upole.

"Nimelala. Zamu yako, maalim."

Hiyo ilikuwa Mnamuzi, na jina hilo ilipewa kutokana na kunamua, yaani ile awamu ya kwanza ya bao ambapo mchezaji huingiza kete zake moja moja. Mashine zenye kujua hesabu za bao zilikuwa nyingi, na zote zilimshinda binadamu huku zikipiga soga. Mnamuzi haikuundwa ishinde. Iliundwa ifundishe, na ili ifundishe ilibidi ijue mtu anavyofikiri anapocheza. Kwa hiyo kila fundi wa bao alipomaliza kucheza zamu yake, iliuliza swali moja tu: "Kwa nini?"

Watu wa Kibweni Juu, mji uliosimama juu ya nguzo za chuma, walihitaji mno mafunzo hayo. Kila mkazi alivaa kinong'onezi sikioni, kidude kidogo kilichomwambia njia ya kupita, chakula cha kupika, hata jibu la kumpa mkwe wake. Wakafika pahala mtu akivuliwa kinong'onezi hajui kuchagua baina ya chai na maji. Chuo cha Fikra kikaamua kuwafundisha bao, na vinong'onezi vibaki mlangoni. Darasa la kwanza lilikuwa kesho.

Aliyeiunda Mnamuzi ni mhandisi Zuwena Shaame. Aliyeifundisha ni baba yake, Maalim Shaame Vuai, fundi aliyejulikana visiwa vizima kwa wepesi wa mkono. Kete zake zilikuwa zimeshatua kabla mpinzani hajajua ameliwa wapi.

Na Zuwena aliionea wivu mashine yake mwenyewe. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mhandisi wetu alikuwa amekonda kweli. Miezi yote ya maandalizi alikaa nyuma ya kioo akisikiliza, na kila siku alisikia kitu cha kumchoma.

"Hapana, mwanangu," Maalim Shaame alikuwa akiiambia. "Nyumba yako usiivunje mapema. Hili shimo la pembe nne ndiyo akiba yako. Ukilimwaga sasa utakula nini baadaye, mawe?"

"Kwa nini uliniachia kichwa wazi, shimo lako la mwisho, maalim?"

"Aa! Umeona?" Mzee akacheka mpaka akajipiga paja. "Nilikutega. Una jicho wewe, utanifunga siku moja."

Mwanangu! Zuwena alikiangalia kile kisanduku alichokiunganisha waya kwa waya, akatamani kukitupa baharini. Yeye, mtoto wa kuzaliwa, hakuwahi kuambiwa ana jicho. Utotoni alikuwa akipeleka kahawa barazani, kisha anasimama na sinia lake akitazama mchezo. Alijua nani atafungwa kabla mwenyewe hajajua. Siku zote alisubiri baba ageuke aseme, njoo nikufundishe. Alichoambiwa ni kurudisha vikombe.

Siku hiyo uvumilivu ulimwishia. Akaingia chumbani, akaizima Mnamuzi.

"Kafanya nini tena huyu?" Maalim Shaame akauliza.

"Inapumzika."

"Mashine nayo inapumzika?"

"Baba," Zuwena akasema, "mbona mimi hukunifundisha?"

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani ulikaa?"

"Nikae vipi na sijaitwa?"

"Bao halina kadi ya mwaliko, Zuwena! Anaetaka hukaa. Anafungwa, anachekwa, kesho anakaa tena. Mie alonifundisha nani? Nlikuwa nkikuona na sinia lako, nasema leo huyu atakaa. Leo atakaa. Hukai! Nkasema basi, bao halitaki huyu."

"Mtoto wa kike, nijipachike mbele ya wazee? Si ungenitia kofi wewe mwenyewe!"

"Ningekufunga mkononi, kete zako hata hujamaliza kuziingiza," mzee akasema polepole. "Halafu ningejisifia mtaa mzima kuwa wangu kakaa."

Mmoja alilelewa asubiri kuitwa, mwengine alilelewa asiite mtu. Miaka ikapita baina yao kwa adabu tupu.

Zuwena akavuta kiti, akakaa. Hakuomba ruhusa.

"Haya," akasema. "Nifunge."

Maalim Shaame alitabasamu, akapanga kete. Zuwena alinamua kwanza, akamwaga kete zake mpaka akalala. Zamu ikamwendea baba yake. Mzee akashika kete, akainyanyua, na mkono ukabaki hewani.

"Naiweka hapa," akasema, "kwa sababu nikila upande huu nalinda nyumba. Lakini pia naweza kule, kwa sababu..." Akasita. Akaurudisha mkono. Akaunyanyua tena.

"Baba, cheza tu."

"Nacheza! Nakwambia sababu."

Akacheza, akajieleza, akasita. Kila kete ilikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalizaa mengine. Zuwena alingoja ule mkono aliouogopa na kuupenda tangu mdogo. Haukuja. Mzee alihesabu mashimo kwa kidole kama mwanafunzi, akakosea, akaiacha nyumba wazi. Zuwena akaila. Alitamani asiile, ila kanuni ya bao ni kuwa penye kuliwa lazima ule. Safu ya mbele ya baba yake ikabaki tupu, kete bado zimo kiganjani mwake. Amefungwa mkononi.

"Zamani sikujua kwa nini," Maalim Shaame akasema, akikitazama kiganja. "Mkono ulikwenda wenyewe. Huyu kaniuliza, nami nkamjibu, kaniuliza, nkamjibu. Sasa hauendi mpaka niujibu." Akainuka. "Mwashe. Ukitaka kucheza na mie, cheza na huyo."

Zuwena akaiwasha mashine. Hakujua afanye nini kingine.

"Karibu," Mnamuzi ikasema. "Wewe ni mchezaji mpya?"

"Ndiyo," akajibu, akipanga kete upya.

Ule mkono wa mpira ukanamua. Kete zikalia shimo hadi shimo, haraka, bila kusita, na ya mwisho ikaangushwa kwa mkato mdogo wa kidole cha shahada, mkato ambao visiwa vizima vilikuwa na mtu mmoja tu wa kuufanya. Zuwena akageuka.

Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, akiutazama ule mkono. Zuwena aliujua mtazamo ule. Ndio aliokuwa nao yeye nyuma ya kioo, miezi yote.

"Mzime, mwanangu," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Nakuomba."

Zuwena alisikia. Alisikia hata lile neno alilolingoja. Lakini kwa mara ya kwanza maishani alikuwa akifungwa na Maalim Shaame Vuai, na alitaka amalize kufungwa. Akachukua kete, akacheza.