Ngoma ya Nkololo Yaonekana Binza

Domitila wa Nkololo huamka alfajiri. Hufagia uwanja, huwasha moto, kisha huwafungulia ng'ombe. Mwaka huu pamba ilikuwa imeshauzwa, kwa hiyo jioni zilikuwa za ngoma. Mumewe, Mayige, alifanya mazoezi kila siku na kikundi chao cha Bagalu. Jumapili wangeshindana na wapinzani wao, Bagika.

Mashindano yetu hayana jaji wa kutoa maksi. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja. Watu wakikuacha wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa. Hakuna rufaa!

Kwa miaka thelathini manju wa kikundi alikuwa mzee Luhende, baba yake Mayige. Manju ndiye anayeongoza nyimbo na wachezaji. Mwezi uliopita mzee alivunjika mguu. Sasa alikuwa Binza, kule Maswa, kwa binti yake Felisita. Mayige angeongoza badala yake. Lakini mzee alisema wazi kwenye simu:

"Umanju siutoi kwa kusikia habari. Nikikuona kwa macho yangu, nitakupa. Nisipokuona, atafutwe mwingine."

Mayige alikosa raha.

"Usijali, Baba Shija," Domitila alimwambia mumewe. "Simu yangu ni mpya. Baba ataona."

Alhamisi alirekodi mazoezi, akatuma Binza. Mzee akapiga simu akiwa amekasirika. "Nasikia ngoma, sioni mtu! Mnacheza gizani?"

Ijumaa Domitila akajaribu kurusha moja kwa moja, mazoezi yaonekane palepale. Akachagua picha kubwa kuliko zote. Kikundi kikubwa kionyeshwe kwa picha kubwa, ndivyo alivyowaza. Kule Binza picha ikaganda. Mayige alionekana mguu mmoja juu, hashuki. Duara dogo likazunguka, likazunguka, mpaka mzee akalala.

Luhaga, mpiga ngoma wao, akatikisa kichwa. "Bagika wametufunga kwa uchawi. Hiyo si bure. Simu inataka dawa."

Akaleta unga mweusi kwenye pembe. Ni ule unga ambao wachezaji hujipaka ili wavute watu. Akaipaka simu mbele na nyuma. Jamani! Unga ukaziba jicho la kamera. Sasa hata pale Nkololo hakuna aliyeona kitu.

Jumamosi asubuhi Domitila akaenda Bariadi mjini kwa Kwandu. Kwandu ni fundi wa simu, na hupiga video za harusi.

"Mwangaluka, mayu," Domitila akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Hee! Umesongea ugali kwa simu?"

Walicheka. Kwandu akaisafisha simu huku akisikiliza habari yote.

"Umelima pamba wewe," akasema. "Pamba ikitoka shambani inajaza lori. Kiwandani wanaifanyaje?"

"Wanaikandamiza. Wanafunga marobota."

"Na video ni hivyo hivyo. Simu huikandamiza ili iweze kusafiri. Lakini kuna njia nyingi za kufunga. Simu yako mpya inafunga kwa njia mpya. Simu ya zamani ya mzee haijui kuifungua. Ndiyo maana alipata sauti bila picha. Tazama, ninabadilisha hapa kwenye mipangilio ya kamera. Sasa itafunga kwa njia ya zamani. Karibu kila simu inaifungua."

"Na ile ya kuganda?"

"Ulichagua picha ya mistari elfu moja na themanini. Mtandao wa Nkololo hauwezi kuibeba. Ni kulazimisha lori lipite njia ya ng'ombe. Weka mia nne na themanini."

Domitila akasita. "Itakuwa ndogo. Wifi yangu Monika yuko Dar, anatazama kwenye televisheni kubwa. Atatucheka."

"Acha acheke, lakini aone! Picha ya wastani inayotembea ni bora kuliko picha nzuri iliyokufa. Halafu sikiliza. Ukirusha, mtambo wa kule mtandaoni unaikata video vipande vidogo vya sekunde chache. Kila kipande unakitengeneza kwa ukubwa mbalimbali. Televisheni inachukua kikubwa, simu ndogo inachukua kidogo. Kwa hiyo mwambie Felisita, kwenye simu ya mzee asichague ukubwa. Aweke ijichagulie yenyewe. Mtandao ukishuka, picha itapungua kidogo, haitaganda."

Domitila akampigia Felisita palepale. Wakajaribu. Kutoka Binza mzee akapaza sauti: "Namwona mkwe wangu! Mbona umekonda?"

Domitila alitokwa na machozi, akashukuru. "Wabeja, mayu. Wabeja sana."

"Bado moja," Kwandu akasema. "Simu inayorusha isipigiwe. Ikipigiwa, picha inaweza kukatika. Nitakuja kesho, watu wa Binza wanipigie mimi."

Jumapili uwanja ulifurika. Domitila alisimama juu ya mkokoteni wa ng'ombe, simu ameifunga kwenye gongo refu isitikisike. Bagika walianza kwa kishindo. Walileta fisi aliye hai kwenye kamba! Watu wakawakimbilia. Mayige, jembe la kuchezea mkononi, akaongeza mwendo ili awafikie. Wachezaji wakahema, na watu wakazidi kuondoka.

Simu ya Kwandu ikalia. Alikuwa ni mzee Luhende, na alikuwa anafoka.

"Mwambieni asishindane mbio na fisi! Anyamazishe ngoma! Aimbe peke yake, jembe juu!"

Kwandu akatazama uwanjani. Ngoma zilikuwa zimeshanyamaza. Mayige alisimama peke yake, jembe juu, akiimba kwa sauti nzito. Watu wa upande wa pili waligeuza shingo. Kisha wakageuza miguu.

"Mzee, ameshafanya."

"Usinidanganye! Namwona hapa bado anakimbia!"

"Picha inachelewa, mzee. Inakandamizwa, inakatwa, inasafiri, ndipo inakufikia. Unaona mambo ya nusu dakika iliyopita. Subiri."

Mzee akarudi kuitazama picha. Uwanjani watu walimiminika kwa Bagalu, kina mama wakipiga vigelegele. Yule fisi alibaki na mshika kamba wake. Kwenye simu ya Domitila zilisomeka salamu kutoka Mwanza, Kahama, hata Dar. Monika aliandika: "Tunaona vizuri! Majirani wamejaa sebuleni!"

Ndipo Felisita akasikika akipiga kelele za furaha kule Binza. Picha ilikuwa imefika.

"Kumbe alifanya kabla sijasema," mzee Luhende akasema. "Hakungoja kuambiwa."

"Nimpe ujumbe gani, mzee?" Kwandu akauliza.

"Usimsumbue. Manju yuko kazini."