Mfungo wa Uso wa Tirsit

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza hotuba yake, Tirsit alikuwa ameshawasha jiko na kuchota maji. Kisha alikwenda kusimama mbele ya kioo kilichopasuka pembeni, kuwakagua wageni waliolala usoni mwake.

Wageni hao walikuwa chunusi. Mwanzoni walikuja wachache tu, wenye adabu, wakakaa puani. Baadaye wakaita ndugu zao. Sasa ukoo mzima ulikuwa umehamia kwenye paji la uso na mashavuni, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha dalili ya kuaga.

Tirsit alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Aliishi Debre Birhan, mji wa milimani nchini Ethiopia ambako baridi haijui likizo. Alikaa na mama yake, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mablanketi, na Bibi Askale, aliyefanya kazi ya kuwaamuru watu wote wa nyumba hiyo.

Pia alikuwa na sauti, na hili si jambo dogo. Kila Mwaka Mpya, ambao huko huja Septemba, mvua zinapokata na maua ya manjano yanapofunika vilima, wasichana wa mtaa huvaa nguo nyeupe na kupita nyumba kwa nyumba wakiimba. Mmoja hutangulia na ngoma, wenzake wakamwitikia. Mwaka uliopita na mwaka juzi, aliyetangulia alikuwa Tirsit. Watu walifungua milango hata kabla hajabisha.

Lakini mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza na wasichana wakakutana uwanjani kujipanga, rafiki yake Rediet alikohoa kama mwenyekiti wa mkutano.

"Tirsit, safari hii imbia nyuma," alisema. "Sauti tutaisikia tu. Ila mtu akifungua mlango anataka kuona sura ya Mwaka Mpya. Na wewe, bibie, uso wako umekuwa kama injera. Macho kila mahali!"

Wasichana waliangua kicheko. Kila mmoja wao alikuwa amekula injera, mkate laini kama chapati, asubuhi hiyo, na vitundu vyake vingi, ambavyo huitwa macho, walikuwa bado wanavikumbuka vizuri.

Ulimi wa Tirsit haukuwa mvivu. "Injera isiyo na macho hutupiwa mbwa," alijibu. "Mwaka Mpya nitatangulia mimi, tena kwa uso safi. Mtaona."

"Tutaona," alisema Rediet. "Ukija na macho hayo hayo, ngoma ni yangu."

"Sawa. Ngoma ni yako."

Walipeana mikono mbele ya mashahidi. Heshima ya ulimi ilikuwa imeokolewa. Ile ya moyo ilibaki palepale uwanjani, na Tirsit alipofika nyumbani alijificha nyuma ya rundo la kuni, akalia kidogo. Mama yake alimkuta huko. Hakuuliza maswali mengi. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akampeleka kwa Daktari Meseret, mtaalamu wa ngozi.

Daktari Meseret alimkagua kwa taa, akaandika dawa, kisha akamwonyesha bomba dogo la krimu.

"Hii imetengenezwa kwa jamii ya vitamini A," alisema. "Inafungua vitundu vya ngozi vilivyoziba. Jioni osha uso, uache ukauke kabisa, halafu paka kiasi cha punje moja ya njegere. Usiguse macho wala midomo."

"Njegere moja kwa shavu moja?"

"Njegere moja kwa uso mzima."

"Daktari, kwani mimi nina uso wa panya?"

Mama alimfinya. Daktari alicheka, lakini hakuongeza njegere. "Sikiliza, binti. Mwanzoni ngozi itakauka na kubambuka. Chunusi zenyewe zinaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Usiogope, na usizidishe dawa. Ikiwasha sana, njoo uniambie. Jua likitoka, jikinge, maana ngozi inayotumia dawa hii huungua upesi. Majibu utayaona baada ya miezi kama mitatu."

Tirsit alipiga hesabu haraka. Miezi mitatu ilikuwa inaishia mlangoni kabisa mwa Mwaka Mpya. "Haiwezi kuharakishwa kidogo?"

"Pole pole, yai litatembea kwa miguu yake," alijibu daktari.

Tirsit alikuwa ameusikia msemo huo tangu akiwa anabebwa mgongoni. Hakuwahi kuona yai likitembea.

Hata hivyo, siku za kwanza alitii. Njegere moja, jioni, uso mkavu. Kisha, kama alivyoonywa, ngozi ikaanza kubambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na ukoo wa chunusi ukapokea wageni wengine kutoka mbali. Tirsit alijitazama kiooni, akaona uso wa msichana anayeelekea kuimbia nyuma.

Hapa hatuna budi kusema ukweli kuhusu malezi yake. Nyumbani kwa Bibi Askale, kitu kizuri hakikupakwa kwa njegere. Siagi mbichi ilibandikwa utosini kwa donge la ukubwa wa ngumi, ikayeyuka taratibu hadi kwenye mizizi ya nywele, ikang'aa, ikatiririka shingoni. Ukiona mtoto wa mtaa ule ana siagi kichwani, unajua yupo anayempenda. Na mtoto aliyelelewa hivyo atawezaje kuamini kwamba dawa kidogo inazidi dawa nyingi?

Basi Tirsit akaipaka dawa kama siagi. Akapaka jioni, akapaka na asubuhi kwa usalama zaidi.

Haukupita muda, uso ukawa mwekundu kama pilipili iliyoanikwa. Uliwasha, ukavuta, na ukamkataza kucheka. Alipoinama kunawa, maji yalimchoma kama moto.

"Nani amekuunguza, ua langu?" Bibi Askale alishtuka.

"Ni baridi tu, Bibi."

"Baridi! Baridi dawa yake si ipo?" Bibi aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha siagi. Akabandika donge utosini, kisha akapangusia viganja mashavuni na kwenye paji la uso la mjukuu wake. Tirsit alisikia ubaridi mtamu. Alijua wazi kwamba anapaswa kusema kitu. Hakusema. Siku zilizofuata siagi iliendelea kuteremka kutoka kwenye nywele, na paji la uso, ambalo ndilo lililokuwa na matumaini, likawa baya kuliko sehemu zote.

Mama alipouona uso huo vizuri, alimrudisha kwa daktari bila mjadala.

"Ulikuwa unapaka njegere ngapi?" aliuliza Daktari Meseret.

"Moja, Daktari. Kama ulivyosema."

Daktari aliomba lile bomba. Lilikuwa limekamuliwa, likakunjwa, likabaki bapa kama ulimi wa kiatu. Aliliinua juu kwa huzuni kubwa.

"Kwa njegere moja, huyu angefika Mwaka Mpya akiwa na nguvu zake," alisema. "Amefariki angali kijana. Nani aliyemuua marehemu?"

Mama aliangalia sakafu ili asionekane akitabasamu. Tirsit aliangalia dirisha.

"Na hii harufu ya siagi ninayoisikia?" daktari aliendelea.

Sasa mlango ulikuwa wazi. Tirsit angeweza kusema, "Ni Bibi," na mambo yakaisha hapo, maana siagi ilikuwa ya Bibi kweli. Alifungua mdomo kulisema hilo. Akaikumbuka mikono ya Bibi, jinsi ilivyokuwa ikimpapasa taratibu ili asiumie.

"Bibi alinipaka siagi kwa sababu nilimdanganya," alisema. "Nilimwambia ni baridi. Dawa niliizidisha mimi. Nilipaka kwa madonge, asubuhi na jioni. Nilitaka kupona kabla ya Mwaka Mpya."

Daktari alimweka marehemu mezani. "Sasa nina kitu cha kutibu," alisema. "Kuungua nakutibu. Siagi iliyoziba ngozi naitibu. Uongo sijasomea."

Aliamuru dawa isimamishwe mpaka ngozi itulie, apake mafuta laini tu yasiyo na manukato. Baadaye aanze upya kwa njegere moja, jioni moja apake, jioni inayofuata apumzike. Na siagi isikaribie uso hata kidogo.

"Bado nitawahi Mwaka Mpya?" Tirsit aliuliza.

"Labda uso hautakuwa safi wote. Lakini ukifuata, utakuwa uso wako. Na hilo la siagi, Bibi utamwambia mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi, Tirsit alitafuta maneno. Utamwambiaje bibi aliyekulea kwamba mapenzi yake yanaziba vitundu vya ngozi? Walipofika, Bibi Askale alikuwa anaondoa maziwa, jibini na siagi jikoni, kwa kuwa mfungo wa Bikira Maria, usio na nyama wala maziwa, ulikuwa unaanza kesho yake. Wakati wa mfungo, Bibi hakumruhusu hata paka kulamba maziwa mbele ya watu.

"Bibi," Tirsit alianza, "nilikudanganya. Haikuwa baridi. Nilizidisha dawa, nikaungua. Na daktari amesema siagi inanizidishia chunusi."

Bibi aliacha kupanga vyombo. Mkono wake ulibaki juu ya kibuyu. "Siagi yangu?"

"Siagi haina kosa, Bibi. Ila uso wangu..." Tirsit alitazama vyombo vilivyopangwa kando. "Uso wangu umefunga."

Bibi Askale alimtazama, akavitazama vyombo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alipomaliza, akawa na uso wa jaji.

"Kwanza, ukinidanganya tena, nitakufungisha na chakula. Pili, kufunga ni kufunga. Hakuna kuonja."

Tangu siku hiyo dawa ilipata mlinzi. Bibi aliingia ghalani, akachagua punje moja ya njegere, akaiweka rafuni kando ya bomba jipya. Kila jioni ya kupaka alivaa miwani, akalinganisha krimu iliyo kidoleni na njegere iliyo rafuni. "Imezidi," alisema. "Punguza." Na jioni ya kupumzika, Tirsit hakuruhusiwa hata kulitazama bomba kwa tamaa.

Mfungo wa watu ulikwisha, wakachinja kuku, wakala. Mfungo wa uso uliendelea. Shangazi alikuja kutoka kijijini na siagi mbichi, akachota donge, akainua mkono juu ya kichwa cha Tirsit. Bibi akamdaka kifundo cha mkono hewani.

"Acha! Mtoto amefunga!"

"Amefunga nini, Mama? Mfungo si umekwisha?"

"Wako ndio umekwisha. Hiyo nipake mimi kichwani."

Wiki zilipita, mvua ikinyesha juu ya bati. Wekundu ukafifia. Ngozi ikaacha kubambuka. Wageni wa zamani wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa kujivuta, kama watu waliozoea kula bure. Hapakuwa na siku ambayo Tirsit aliamka akaona muujiza. Ila asubuhi moja aligundua kwamba amewasha jiko, amechota maji, na amesahau kwenda kiooni.

Mwaka Mpya ulipofika, jua lilitoka kwa fujo zote. Bibi alimsuka Tirsit nywele na kumpaka siagi kwenye ncha za misuko tu, nyuma kabisa, huku amemfunga kitambaa kwenye paji la uso kama bwawa la kuzuia mafuriko. Tirsit akapaka krimu ya kukinga jua, akauvuta mtandio mweupe mbele kama paa la nyumba, akaenda uwanjani.

Rediet alikuwa ameshika ngoma tayari. "We! Umetoka kusaga unga?"

"Ni krimu ya kukinga jua."

"Hebu nikuone." Rediet alimsogelea, akamkagua kama mnunuzi wa kondoo sokoni. Mashavu yalikuwa laini. Kwenye paji palikuwa na madoa ya kahawia, na kidevuni chunusi mbili sugu zilikuwa bado hazijapata nauli ya kurudi kwao. "Macho mawili yamebaki," alisema.

Wasichana walisogea kuona. Tirsit angeweza kuvuta mtandio ukafunika kidevu. Badala yake aliusukuma nyuma.

"Yamebaki," alisema. "Nilisema uso safi, na haujawa safi wote. Makubaliano ni makubaliano: ngoma ni yako. Lakini sijifichi nyuma ya mtu. Nitasimama kando yako, hapa mbele, nikuitikie."

Rediet aliitazama ngoma, akawatazama wenzake, akajaribu kuanzisha wimbo. Mbwa wa jirani alibweka mara moja, akakimbia.

"Chukua," Rediet alisema, akimsukumia Tirsit ngoma. "Nikitangulia mimi, watu watafunga milango na kuweka komeo."

Walicheka wote, na Tirsit alicheka kuliko wote, kwa sababu uso sasa ulimruhusu. Kisha akapiga ngoma, akapaza sauti. Milango ya mtaa ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Alitembea mbele ameinua kidevu, chunusi zake mbili zikiwa mbele kabisa ya msafara kama maofisa wa gwaride.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kwao. Mama alisimama mlangoni akipiga vigelegele. Bibi Askale alitoka na mkate mkubwa wa sikukuu, lakini hakuukata mara moja. Aliwasubiri mpaka wimbo ukaisha.

"Wasichana wangu, sikilizeni," alisema. "Huyu alipewa dawa nzuri, akaiharibu kwa pupa. Akaongeza uongo juu yake, na mimi nikaongeza siagi juu ya uongo. Siku aliposema kweli ndipo tulipojua pa kuanzia. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya njegere na subira. Mkipewa dawa, fuateni mlivyoambiwa. Mkikosea, semeni mapema."

"Ndiyo, Bibi," waliitikia, macho yao kwenye mkate.

Bibi alikata kipande cha kwanza, akampa mwenye ngoma.

"Na tangu nizaliwe nimekuwa nikisema kwamba pole pole yai litatembea," alisema, akimtazama Tirsit kwa fahari. "Leo nimeliona kwa macho yangu. Limevaa nguo nyeupe, na limebeba ngoma."